Pumba za Gaju

Mtaa mzima wa Biryogo, Kigali, haukuwa na farasi ila mmoja, naye alikuwa wa Sefu Nsabimana, fundi wa turubai na ngozi. Mgeni akimtafuta Sefu hakuwa na haja ya kuuliza nyumba. Alimwuliza mtoto yeyote kwa Gaju ni wapi, akafikishwa mpaka mlangoni. Mtu mwingine angekasirika kujulikana kwa jina la mnyama wake, lakini Sefu alilipenda jambo hilo, na ukimwita Baba Gaju aliitika bila kununa.

Babu yake alikuja Rwanda na misafara ya wafanyabiashara kutoka Tabora, akaoa Mnyarwanda, akazikwa huku huku Kigali. Baba yake alishona kanzu. Sefu aliachana na kanzu akajifunza uzi mnene: maturubai ya malori, mahema, mabegi ya ngozi. Ndiyo sababu, miaka michache baada ya uhuru, Mbelgiji mmoja mnunuzi wa kahawa alipopasukiwa na tandiko la farasi, aliambiwa aende Biryogo. Sefu hakuwa amewahi kushika tandiko maishani mwake. Aliligeuza huku na huku, akalinusa, akamwambia arudi kesho. Tangu hapo kila mkanda na kila hatamu ya yule mzungu ilipita mikononi mwake.

Mzungu yule alikuwa mkali kwa watu, jamani, mkali kama pilipili, ila mbele ya farasi alikuwa mpole. Sefu alipokwenda zizini kupima mikanda, alifundishwa mambo ambayo hakuyaomba. Aliambiwa kwamba ng'ombe hula, akakaa chini, akakirudisha chakula kinywani akakitafuna upya, lakini farasi hana bahati hiyo. Farasi hacheui. Wala hatapiki. Kikiingia kibaya, kimeingia, na njia ni moja tu. Kwa hiyo chakula chochote kilichochacha, hata kama ni kidogo, kitupwe. Sefu aliyasikiliza hayo kwa adabu, kama mtu anavyosikiliza habari za nchi asiyotazamia kufika.

Mwaka wa sabini na tatu Mbelgiji akafunga virago. Farasi wake wakubwa walipata wenyewe, akabaki mmoja jike, mdogo, mwenye kwato la nyuma lililopinda kidogo. Huyo hakutakiwa na mtu. Mzungu akasema afadhali ampige risasi kuliko kumwacha ahangaike. Sefu aliyekuwa amekwenda pale kurudisha hatamu alisikia maneno hayo, na kabla hajafikiri alikwisha kusema: nipe mimi.

Alimwingiza Biryogo mchana kweupe. Watu walitoka madukani, mafundi cherehani wakaacha miguu juu ya pedali, na utani ukaanza hapo hapo. Mmoja aliuliza kama Sefu amemwoa mke wa pili bila kumtaarifu wa kwanza. Mke mwenyewe, Mwamini, alisimama mlangoni mikono kiunoni. Alimtazama yule mnyama, rangi yake nyekundu ya udongo wa barabarani, akasema kwamba kwao ng'ombe wa rangi ile huitwa Gaju. Basi jina likawa hilo.

Mungu hakuwajalia mtoto Sefu na Mwamini. Sisemi kwamba Gaju alikuwa mtoto wao. Watu walisema, na watu husema mengi. Lakini ilikuwa nyumba ya wazee wawili kabla ya wakati wao, kimya kimeitawala, na yule mnyama alileta pilikapilika. Alihitaji majani, maji, kusuguliwa, kukemewa. Mwamini alimkemea kwa Kiswahili na kumbembeleza kwa Kinyarwanda. Siku za kazi Gaju alibeba marobota ya turubai kutoka mjini. Siku za Idi alizungushwa na watoto mgongoni. Na bwana harusi wa Biryogo aliyekwenda kuoa kwa miguu wakati Gaju yuko, alionekana kama anakwenda kuiba.

Kumlisha ndiko kulikompa Sefu shule. Pumba za mahindi zilimnenepesha Gaju zikamfanya mvivu. Mtama mzima ulitoka kama ulivyoingia, kuku wakaula nyuma yake. Majani ya viazi vitamu aliyapenda kupita kiasi, kisha tumbo likanguruma mpaka Mwamini akasema kuna mvua inakuja. Mwishowe Sefu alikata shauri: asubuhi majani mabichi ya bondeni Nyabugogo, au ya Kibagabaga ambako siku hizo kulikuwa vilima vya mashamba na vichaka tu, adhuhuri pumba za ngano zilizolowekwa kwa maji kidogo na chumvi, na mtama wa kupondwa siku ya harusi peke yake, maana hata bibi harusi hupewa kitu kabla hajatoka. Kwa chakula hicho Gaju alikaa miaka mingi, ngozi inang'aa.

Pumba alizinunua kwa Mukabalisa, mama mnene mwenye kibanda karibu na soko, aliyeuza pumba, mashudu na chumvi ya ng'ombe. Kila juma Mukabalisa alimwekea gunia lake pembeni, na wateja wengine walijua kwamba hilo haliguswi.

Mwamini alifariki baada ya kuugua kwa muda. Siku za mwisho kitanda chake kilisogezwa karibu na dirisha, na Gaju alikuwa akiingiza kichwa pale, akipumua tu, mgonjwa akimshika pua. Mwamini hakuacha wasia mrefu. Alimwambia mumewe ale vizuri na amlishe vizuri yule. Baada ya matanga watu walimwona Sefu akizungumza na farasi, wakanong'ona kwamba mzee amepungukiwa. Hakupungukiwa na kitu kichwani. Alikuwa mpweke, na Gaju ndiye aliyebaki anayemjua Mwamini kwa harufu.

Yote hayo ni mwanzo. Kilichomfika Sefu hasa kilimfika mwaka wa themanini na tisa, kusini kulipoingia njaa.

Mvua ilikuwa imewahadaa watu wa Gikongoro, maharage yakaungua shambani, na watu wakaanza kuhama kidogo kidogo. Mmoja wao aliitwa Nyiraneza, mama mjane mwenye watoto wadogo watatu. Alifika Biryogo akitafuta kazi ya kufua nguo, na Sefu akampa chumba cha uani, kile alichokuwa akiweka ngozi. Hakumtoza chochote. Nyiraneza alikuwa Mkristo, mtu wa haya nyingi, asiyeomba hata chumvi. Moto wake uliwaka mara moja kwa siku, na siku nyingine haukuwaka kabisa. Watoto wake walimpenda Gaju mara moja. Walikaa ukutani wakimtazama anavyokula pumba zake, na Sefu mwanzoni alidhani wanamtazama farasi.

Siku moja ya kiangazi Sefu alikwenda kwa Mukabalisa kuchukua gunia lake akakuta foleni. Hajawahi kuona foleni ya pumba. Wanawake walikuwa wamesimama na vikapu, vitambaa vichwani, hawaongei. Katikati yao alikuwepo Nyiraneza. Alipomwona mwenye nyumba wake aliinamisha macho, akavuta kitenge kukifunika kikapu, na bila kuulizwa akasema kwamba amekuja kununua chakula cha kuku.

Nyiraneza hakuwa na kuku. Sefu alimwamkia, akasema ndiyo, kuku nao wanakula, akapita.

Mukabalisa alimvuta nyuma ya kibanda. Alimweleza kwamba wanawake wale wanazichekecha pumba, wanachota ule unga kidogo uliobaki, wanapika uji. Kinu cha ngano kimepunguza kazi, magunia yanayomfikia sasa hayatoshi hata nusu ya wanaokuja. La Sefu lipo. Amelificha tangu alfajiri, wala hajamwambia mtu.

"Lichukue, mzee," alimwambia. "Wewe ni mteja wangu kabla ya njaa hii. Lakini uniambie mwenyewe, maana mimi nimeshindwa kuwatazama wale usoni."

Sefu alilitazama gunia. Alijua uzito wake, alijua litamfikisha Gaju mpaka juma lijalo. Akawakumbuka wale watoto ukutani, akajua sasa walikuwa wanatazama nini. Roho ilimwuma. Alikasirika pia, tena sana, lakini hakuona wa kumkasirikia.

"Mwuzie yule mwenye kuku," alisema. "Na juma lijalo pia. Na akiuliza, mwambie hujaniona."

Akarudi nyumbani mikono mitupu.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wahenga walisema, lakini hawakusema habari za mwenye kumjua mwenye njaa huku naye ana mdomo mwingine wa kulisha. Kuanzia siku hiyo Sefu hakuwa na wazo jingine ila Gaju atakula nini. Alikwenda Nyabugogo, bonde limekauka, na wachunga ng'ombe waligombania kila kichaka kilichobaki na ubichi. Alikwenda Kibagabaga akarudi na majani makavu yaliyomkwaruza Gaju ulimi. Aliwaza mtama, akajicheka: nani atamponda mtama farasi mwaka kama ule, na apite nao sokoni mbele za watu? Alijaribu majani ya mgomba. Gaju aliyanusa, akamgeuzia mgongo. Mbavu zikaanza kuonekana. Miaka haikuwa imemwacha naye. Meno yalikuwa mafupi, na majani makavu aliyatafuna nusu akayatema.

Hapo ndipo alipoingia Habiyaremye. Huyu alikuwa mchunga ng'ombe, amekulia kwenye ng'ombe, na sasa alikuwa akitunza ng'ombe wa maziwa wa tajiri mmoja upande wa Gikondo. Walijuana na Sefu tangu zamani kwa ajili ya chumvi na majani, na tangu zamani Habiyaremye alikuwa na wasiwasi mmoja: Gaju hacheui. Mtu wa ng'ombe humjua mgonjwa kwa hilo. Ng'ombe aliyelala asicheue, mwenyewe halali. "Mzee, hii mnyama iko mgonjwa," alikuwa akisema kila alipomwona, "haicheui," na Sefu akicheka mpaka machozi, akamweleza, na mwenzake akatikisa kichwa asiamini.

Safari hii hakumcheka. Habiyaremye alimshika Gaju mbavu, akasikitika kwa dhati, kisha akasema dawa ya mnyama aliyekonda iko wazi: machicha. Wapika pombe ya mtama wanayamwaga bure. Kwao ng'ombe aliyezaa, aliyedhoofika, hupewa machicha na chumvi, na baada ya muda humtambui. Yanachacha, ndiyo, lakini ukiyaanika juani uchachu unatoka. Alisema hivyo akiwa na yakini ya mtu aliyefufua ng'ombe wengi, na hakusema uongo. Ng'ombe walifufuka kweli.

Maneno ya Mbelgiji yalimjia Sefu. Kilichochacha, tupa. Lakini Mbelgiji aliyasema mahali penye magunia ya shayiri iliyokuja kwa ndege. Hapa palikuwa na machicha au palikuwa na mbavu. Tena Sefu, Mwislamu mtoto wa Waislamu, hakuwa amewahi kukaribia chungu cha pombe. Hakujua machicha yanavyotokota ndani kwa ndani hata baada ya kutolewa motoni, jambo ambalo mlevi yeyote wa Kigali angemwambia. Na Habiyaremye aliyeyajua machicha hakumjua farasi. Hivyo kila mmoja alimwamini mwenzake kwa kile ambacho mwenzake hakukijua.

Ilimgharimu heshima. Mzee wa msikitini, kofia kichwani, anapita Biryogo na ndoo ya machicha ya pombe! Utani ulimpata kila kona. Ameanza uzeeni, walisema. Wengine hawakutania, waligeuza nyuso. Sefu aliitikia salamu zilizotolewa na zile zisizotolewa, akaanika machicha kwenye turubai nyuma ya nyumba, akayageuza kwa mikono yake, akanawa, akaenda kuswali.

Na Gaju alikula. Kidogo kidogo, yamekauka, yamechanganywa na majani. Juma la kwanza halikuwa na tatizo, la pili mbavu zikaanza kujificha. Sefu alishukuru Mungu kwa sauti. Uani, moto wa Nyiraneza uliwaka kila siku, watoto walikuwa na nguvu za kugombana, na hakuna aliyejua kitu. Mzee alianza kuamini kwamba amepata njia ya kutomnyima yeyote.

Kisha mawingu yakaja bila mvua. Siku mbili tatu jua halikutoka, machicha hayakukauka, na Gaju alikuwa ameyazoea, anagonga ndoo kwa kwato akitaka chakula. Asubuhi hiyo Sefu alitoka kwa wapika pombe na ndoo mbichi. Alikusudia kuyaanika. Gaju alikuja mbio mpaka mlangoni, jambo ambalo hakulifanya miezi mingi, akaingiza pua kwenye ndoo mikononi mwake. Sefu alimtazama akila kwa pupa, akasema moyoni, maskini, amesubiri sana, leo tu. Akamwachia ndoo nzima.

Huruma ndiyo iliyomponza.

Kabla ya adhuhuri Gaju alianza kugeuza kichwa akitazama ubavu wake. Akachimba chini kwa kwato. Jasho likamtoka shingoni ingawa kulikuwa na baridi. Sefu alijua mara moja. Hayo nayo alifundishwa zamani, na tangu afundishwe alikuwa akiomba asiyaone. Alimvisha hatamu akaanza kumtembeza, maana farasi mwenye tumbo hilo akilala akajiviringisha, amekwisha. Alimtembeza uani, akamtembeza barabarani, mpaka akaishiwa nguvu. Nyiraneza alitoka, akaichukua kamba, akamtembeza yeye. Wakapokezana hivyo. Tumbo la Gaju lilivimba, likakaza kama ngoma. Mganga wa mifugo aliyekwenda kutafutwa alikuwa safarini, na wale waliokuwa na farasi zamani waliondoka na dawa zao.

Alasiri Gaju alipiga magoti mbele ya nyumba. Hawakuweza kumwinua.

Hamduni, mchinja nyama wa mtaa na rafiki wa Sefu tangu utoto, alikuja akachuchumaa kando yake. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Alimwambia mnyama anateseka, na hatafika magharibi. Akifa mwenyewe ni mzoga, hana faida kwa mtu. Shehe amekwisha kuulizwa: nyama yake ni halali. Na Sefu ajitazamie mwenyewe mtaa ulivyo mwaka huu.

Sefu alikuwa ameketi chini, kichwa cha Gaju mapajani. Alifungua kinywa kutukana, akakifunga. Alimpapasa pua pale Mwamini alipokuwa akimpapasa. Alilia mbele ya watu wote, mzee mzima, wala hakujifuta. Kisha akanyoosha mkono, na Hamduni akaelewa, akampa kisu.

"Bismillahi," alisema Sefu. "Allahu akbar."

Wengine Biryogo hawakuigusa nyama ile. Walisema wao hawali mnyama aliyewapeleka harusini, na ni haki yao. Lakini waliokuja na sufuria walikuwa wengi kuliko waliokataa, na Hamduni aligawa mpaka mwisho, hakuuza hata kipande. Sefu aliagiza fungu la kwanza lipelekwe uani, lenye mafuta.

Alikuwa ameketi barazani, kamba ya Gaju mkononi, Nyiraneza alipokuja na fungu lile kwenye sinia. Alisimama. Alizungumza kwa Kinyarwanda, taratibu, kama mtu anayepiga hesabu asiyotaka jibu lake.

"Mzee, huyu alikuwa mla pumba. Tulipofika hapa nilimwona kwa macho yangu. Kwa nini uliacha kumpa pumba?"

"Ziliadimika, mama," alisema Sefu.

"Mimi nilikuwa nazipata. Kila juma. Mukabalisa alikuwa ananiwekea pembeni."

Sefu aliitazama kamba. Alitafuta la kusema, na kwa kuwa hakuwa na mazoea ya uongo alichelewa, na katika kule kuchelewa Nyiraneza alipata jibu lake. Sinia likainama upande mmoja. Alitaka kuliweka chini, alitaka kupiga magoti, na Sefu akainuka haraka akalishika upande wa pili lisianguke.

"Watoto wanangoja," alimwambia. "Mchemshe sana, mama. Alikuwa mzee."